Urudufishaji wa Hifadhidata katika Kundi la Seva zenye Maunzi Tofauti

Ni nadra taasisi kununua seva zake zote kwa mkupuo mmoja. Mashine huongezwa kadiri bajeti inavyoruhusu, na hatimaye kundi moja la seva huwa na vichakataji na mifumo endeshi ya aina mbalimbali. Makala hii inafafanua, kwa kutumia mfumo wa PostgreSQL, kwamba usalama wa data katika kundi la namna hiyo hutegemea ngazi ambayo data inanakiliwa.

Tofauti ya kwanza ni mpangilio wa baiti. Vichakataji vya jamii ya x86 hutanguliza baiti yenye thamani ndogo, ilhali vile vya SPARC hutanguliza yenye thamani kubwa. Namba 1 iliyohifadhiwa kwa baiti 4 katika mpangilio mmoja, ikisomwa kwa mpangilio wa pili, huwa 16,777,216. Ndiyo maana urudufishaji wa kimaumbile, yaani ule unaohamisha mabadiliko ya kurasa za diski kama yalivyo, hudai seva zote ziwe na usanifu mmoja wa maunzi na toleo kuu moja la PostgreSQL.

Pale sharti hilo lisipotimia, hutumika urudufishaji wa kimantiki, ulioingizwa katika toleo la 10 mwaka 2017. Huu huhamisha safu zilizoongezwa, kubadilishwa au kufutwa, nayo seva pokezi huziandika kwa mpangilio wake yenyewe. Hata hivyo, muundo wa majedwali haunakiliwi. Msimamizi huuandaa mwenyewe. Aidha, katika toleo hilo, hesabu za namba zinazojizalisha hazihamishwi. Seva pokezi ikishika uongozi kabla hesabu hizo hazijasogezwa mbele, itajaribu kutoa namba ambazo tayari zimetumika.

Tofauti ya pili ni ya hatari zaidi kwa kuwa haizuii urudufishaji kuanza. Seva mbili za x86 zinaweza kukubali urudufishaji wa kimaumbile huku zikipanga maneno kwa kanuni tofauti. Maktaba ya glibc toleo la 2.28, la mwaka 2018, ilibadilisha kanuni za upangaji katika Linux. Faharasa iliyojengwa na Debian 9 kwa kanuni za zamani, ikisomwa na Debian 10, inaweza kupotosha utafutaji. Mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa huonekana hayumo. Seva hiyo ikishika uongozi, anaweza kusajiliwa mara ya pili licha ya sharti la upekee. Tiba yake ni kujenga upya faharasa za maandishi, baada ya kuondoa safu zilizojirudia.

Tatu ni akidi. Mtandao ukikatika, uongozi hubaki kwa upande wenye zaidi ya nusu ya kura. Seva 4 zikigawanyika mbili kwa mbili, hakuna upande wenye haki ya kuandika. Kwa seva 5, upande wenye 3 huendelea. Kura haihitaji mashine kubwa: kompyuta ndogo isiyohifadhi data yaweza kuwa shahidi.

Hivyo basi, kabla ya kuunganisha seva, msimamizi athibitishe mambo manne: usanifu wa kichakataji, toleo kuu la hifadhidata, toleo la maktaba ya upangaji, na idadi ya kura. Mawili ya kwanza yakitofautiana, urudufishaji wa kimaumbile hautawezekana. La tatu likitofautiana, utawezekana, na hapo ndipo data inaweza kuharibika pasipo mtu kujua.