Barafu ya Kibo Haina Matandazo

Mkulima wa Ngujini hahitaji kufundishwa kazi ya matandazo. Huku Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, majani makavu hutandazwa kwenye mashina ya migomba na mibuni ili jua lisiukaushe udongo. Yakiwa mengi, udongo hubaki na ubaridi wake hata wakati wa kiangazi. Kilomita zipatazo 70 kaskazini-magharibi kuna Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na barafu yake inakwisha. Barafu nayo huweza kupata matandazo, ya mawe. Ya Kibo imeyakosa, na chanzo ni umbo la mlima wenyewe.

Mawe juu ya barafu hufanya kazi mbili zinazopingana. Mwaka 1959 mtafiti Gunnar Østrem alichapisha matokeo ya vipimo alivyovifanya kwenye barafu ya milima ya Sweden. Alitandaza changarawe kwa unene tofauti tofauti, kisha akapima barafu iliyoyeyuka chini yake. Palipokuwa na tabaka jembamba, la sentimita moja hivi au pungufu, barafu iliyeyuka haraka kuliko ile iliyoachwa wazi. Tabaka lilipozidi sentimita chache, mambo yaligeuka: kadiri lilivyokuwa nene ndivyo barafu ilivyodumu.

Sababu yake si ngumu. Jiwe jeusi hulinyonya jua ambalo theluji nyeupe ingelirudisha angani. Tabaka likiwa jembamba, joto hilo huifikia barafu mara moja. Likiwa nene, joto la mchana husafiri taratibu kati ya mawe, na kabla halijafika chini usiku umeingia, mawe yanalitoa tena hewani. Ndiyo maana barafu ya Khumbu, chini ya mlima Everest, huteremka bondeni hadi mahali ambapo barafu tupu isingedumu: kuta za miamba zilizo juu yake huiporomoshea mawe mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, kinga hiyo ina matundu. Vidimbwi na kuta za barafu zilizofunuka katikati ya mawe huyeyuka kwa kasi sana.

Sasa tuitazame Kibo. Barafu yake kubwa imekaa juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta na miteremko iliyo karibu na kilele cha mita 5,895. Hakuna ukuta wa mwamba juu yake wa kuidondoshea mawe. Kinachoifikia ni vumbi na majivu ya volkano yanayopeperushwa na upepo, tena kwa tabaka jembamba, yaani upande ule wa vipimo vya Østrem unaoiangamiza barafu. Mwaka 2000 timu ya mtafiti Lonnie Thompson wa Marekani ilitoboa barafu hiyo na kukuta ndani yake tabaka la vumbi la sentimita 3 hivi, ambalo timu hiyo ililihusisha na ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Mlima huu umezoea vumbi. Kinachouponza ni upungufu wa theluji mpya ya kulifukia. Theluji iliyotoka kuanguka hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, lakini barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha kidogo sana.

Halafu kuna kuta. Pembeni, barafu ya Kibo imesimama wima kama imekatwa kwa panga, na kwenye ukuta kama huo hata mawe yangekuwapo yasingekaa. Jua huzipiga kuta hizo moja kwa moja, nazo hurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, ingawa hewa ya kule juu kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri.

Mawe ya Kibo yenyewe yana habari ya kusikitisha. Upande wa magharibi, barafu ndiyo iliyokuwa ikiyashika mahali pake, nayo ilipopungua yakalegea. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko na kuua wapanda mlima watatu kutoka Marekani.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 zilikuwa zimesalia 1.85. Ndiyo maana silidharau pendekezo la mwaka 2003 la mwanasayansi Euan Nisbet, kwamba kuta hizo zifunikwe kwa turubai jeupe. Kwa hesabu ya jua, lina mantiki: turubai lingerudisha mwanga. Lakini lisingeongeza theluji, na Kibo inaumia zaidi kwa kukosa theluji. Mkulima wa Ngujini analijua hilo kutoka shambani kwake: matandazo huutunza unyevu uliokwisha kuingia ardhini, hayaleti mvua. Kama kuna fedha za kuutunza mlima huu, mimi ningezipeleka kwanza kwenye misitu ya miteremko yake, kwa kuwa ndiko inakotoka sehemu kubwa ya maji yanayoteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Barafu iliyobaki ingechangia kidogo tu, hata ikiyeyuka yote.