Kodi ya Nyumba Pekee Haitoshi Kupimia Gharama

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie jambo linalowakuta watumishi wengi, nalo ni uhamisho. Barua imefika, kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Swali la kwanza la kila mtu ni moja: vyumba huko ni bei gani? Ni swali zuri, lakini likiulizwa peke yake humpotosha mwulizaji.

Tuanze na umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba umetoka Uganda, ukipita Masaka hadi Kyaka. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo bei yake ni tofauti. Sivyo. Bei za TANESCO ni zile zile nchi nzima. Kinachobadilika ni matumizi. Bukoba iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni ya ubaridi, hivyo feni iliyozunguka usiku kucha kule Dar es Salaam hapa itapumzika.

Lakini iko hatari moja, nayo ni mita ya kuchangia. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Tuchukue wapangaji wanne, kila mmoja akitumia uniti 30. Kila mmoja akiwa na mita yake katika kundi la chini, atalipa shilingi 3,000. Wakichangia mita moja, jumla yao ni uniti 120, nao watahesabiwa katika kundi la kawaida. Hiyo ni shilingi 35,040, yaani 8,760 kwa kila mmoja. Umeme ni ule ule, bei karibu mara tatu.

Tuje kwenye maji. Hapa bei hazifanani, kwani kila mamlaka ina bei zake zilizoidhinishwa na EWURA. DAWASA wana zao, BUWASA wa Bukoba wana zao. Hata hivyo bei ya bomba si neno kama bomba halitoi maji. Mji huu una vilima na mabonde. Kabla ya kulipia chumba, iwe Nshambya, Kashai, Hamugembe au Rwamishenye, mwulize jirani, wala si dalali, maji hutoka siku ngapi kwa juma. Angalia pia paa. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kuliko ya Dar es Salaam, na nyumba yenye mifereji na tangi humpunguzia mpangaji ankara.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Chumba cha kwanza ni shilingi 80,000, mita ya kuchangia, maji ya kununua. Madumu sita kwa siku, kila dumu shilingi 200, ni 36,000 kwa mwezi. Ongeza umeme 8,760. Jumla ni 124,760. Chumba cha pili ni 100,000, mita yake, bomba uani. Umeme ni 3,000, maji tuseme 10,000. Jumla ni 113,000. Kilichoonekana rahisi ndicho kilicho ghali. Na bado hatujahesabu nauli ya kwenda kazini. Anayefikiria kuishi Muleba na kufanya kazi Bukoba aiandike nauli hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mambo matatu ya kuyatazama kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni kuta. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliua watu na kuharibu nyumba nyingi katika mkoa huu. Ufa uliopakwa chokaa bado ni ufa. La pili ni madeni: omba kuona ankara ya mwisho ya maji, usije ukarithi deni la aliyekutangulia. La tatu ni kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Mwenye wajibu wa kuilipa ni mwenye nyumba. Kama inakatwa kwenye umeme unaonunua wewe, kubalianeni mapema jinsi atakavyokurudishia.

Yote haya yaandikwe kwenye mkataba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinga kubwa ya mpangaji leo ni karatasi aliyotia saini. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na posho ya uhamisho huishia hapo. Mtu akigundua mwezi wa pili kwamba amekosea, fedha yake imekwisha kwenda.

Basi, ndugu yetu mwenye barua mkononi, kama una pa kufikia, jisitiri hapo juma moja au mawili huku ukiulizia. Chukua karatasi, uandike kodi, umeme, maji na nauli, ndipo ujumlishe. Nyumba nafuu ni ile ambayo mwisho wa mwezi inakuachia kitu mfukoni.