Handikapu haishuki kwa fimbo mpya

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayevuka Mnazi Mmoja jioni kwenda kucheza gofu Gymkhana akitaka handikapu yake ishuke, hufikiria kwanza kununua fimbo mpya. Hesabu zinaonyesha vingine. Katika uwanja wa mashimo 18 na mapigo 72, mapigo mawili kwa kila shimo, yaani 36, yametengwa kwa kusukumia mpira shimoni. Hiyo ni nusu. Tangu mwaka 2020 handikapu hukokotolewa kwa wastani wa matokeo 8 bora katika raundi 20 za mwisho. Pigo moja refu la kujivunia halitoshi. Kama dukani, hasara huvuja kidogo kidogo. Kabla ya kufungua pochi, mchezaji afanye mazoezi ya kusukuma mipira ya hatua tatu.