Sindromu ya Stevens-Johnson

Sindromu ya Stevens-Johnson (kifupi: SJS) ni ugonjwa wa nadra lakini wa hatari ambapo ngozi, pamoja na utando laini wa mdomo, macho na sehemu za siri, hufa na kubanduka. Kwa watu wazima husababishwa mara nyingi na dawa. Ngozi iliyobanduka ikizidi asilimia 30 ya eneo la mwili, ugonjwa huitwa TEN, na wagonjwa wengi wa aina hiyo hufariki.

Jina linatokana na Albert Stevens na Frank Johnson, madaktari Wamarekani walioueleza ugonjwa huu mwaka 1922. TEN ilielezwa na Alan Lyell wa Uskoti mwaka 1956.

Dalili

Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 4 na wiki 4 baada ya mgonjwa kuanza dawa. Kwanza huja homa, maumivu ya koo na macho kuwasha, hivyo ni rahisi kudhani ni mafua. Kisha hutokea madoa mekundu yanayouma, malengelenge na vidonda vya mdomo.

Dawa zinazohusika

Kati yake kuna karbamazepini na fenitoini za kifafa, alopurinoli ya jongo, nevirapini ya VVU na kotrimoksazoli. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba tiasetazoni, dawa ya kifua kikuu, ilileta madhara makali ya ngozi hasa kwa wagonjwa wenye VVU. Baadaye dawa hiyo iliachwa kwa wagonjwa hao.

Kazi ya seli za kinga

Mzio unaotokea ndani ya dakika chache huletwa na kingamwili aina ya IgE. SJS ni tofauti: huletwa na seli T aina ya CD8, ambazo kwa kawaida huua seli zilizoambukizwa virusi. Dawa hujishikiza kwenye protini za HLA zilizo juu ya seli za mwili, na seli T huiona seli hiyo kama adui.

Watafiti huchunguza majimaji ya malengelenge, kwa sababu seli hizo hukusanyika humo. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walikuta humo granulisini nyingi, protini inayotolewa na seli T na kuua seli za ngozi hata bila kuzigusa. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini seli T chache huharibu eneo kubwa. Njia nyingine ni kuchanganya damu ya mgonjwa na dawa maabarani, maana kumpa tena dawa hiyo kunaweza kumuua.

Kinga na tiba

Mwaka 2004 iligunduliwa Taiwan kwamba wenye HLA-B*15:02 wamo hatarini wakitumia karbamazepini. Aina hiyo hupatikana zaidi Asia, na kipimo chake hufanywa kabla ya kuanza dawa.

Tiba ya kwanza ni kuacha dawa mara moja na kumtunza mgonjwa kama aliyeungua moto. Mwaka 2024 watafiti waliripoti kwamba wagonjwa 7 wa TEN waliopewa dawa za kuzuia vimeng'enya vya JAK, vinavyochochea uvimbe, walipona wote. Majaribio makubwa zaidi yanahitajika.