Mtoto Yuko kwa Bibi, Fedha na Kauli Ziko kwa Nani?

Kijana wa Kisukuma asiye na ng'ombe anaweza kuzaa mtoto, lakini kwa desturi mtoto huyo si wa kwao. Ng'ombe wa mahari ndio wanaomwingiza mtoto katika ukoo wa baba. Wasipotolewa, mtoto hubaki kwa babu mzaa mama, anakulia pale, anachunga pale, na baba akija kupata mali siku za mbele itambidi amkomboe. Sasa chukua desturi hiyo uiweke katika miaka ambayo bei ya pamba imeanguka, au ukame umefyeka mifugo Shinyanga na Simiyu. Vijana hawaachi kupendana kwa sababu pamba haina bei. Wanazaa kama kawaida, mahari haitoki, na mji wa mzee unajaa wajukuu. Hakuna aliyeitisha kikao akapitisha uamuzi huo.

Naanza na Usukuma kwa sababu mijadala yetu ya malezi hupenda kutafuta mshitakiwa mmoja. Huyu anasema ni umaskini, yule anasema ni mila zilizopitwa na wakati, na mwingine, kwa kawaida mzee mwenye redio, anasema ni simu. Ukikaa na familia zenyewe unaona mambo yanavyoshikana. Hali ngumu humsukuma mtoto atoke nyumba aliyozaliwa. Desturi ndiyo inayosema apokewe mlango upi, na akishaingia ahesabiwe kuwa nani.

Uluguru, milimani juu ya mji wa Morogoro, mlango huo ni mwingine kabisa. Kule ukoo hufuata upande wa mama, na shamba la ukoo hufuata njia hiyohiyo. Mwanamke akishindwa na maisha ya Dar es Salaam akarudi na watoto watatu, anarudi kwenye ardhi ambayo watoto wake nao wana fungu. Mjomba ana kauli juu yao kabla hata mambo hayajaharibika mjini. Njaa inaweza kuwepo, lakini hakuna anayeuliza hawa wamefuata nini hapa.

Kagera swali hilo huulizwa, japo si kwa sauti. Kibanja cha migomba na kahawa kwa desturi ya Wahaya hurithiwa na wana wa kiume. Binti akirudi na watoto, anarudi kwenye migomba ya kaka yake, na chakula cha watoto wake kinategemea anavyoelewana na wifi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilitamka katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanamume. Ni hukumu ninayoiheshimu sana. Lakini hukumu haikai jikoni kugawa ndizi.

Mkoa huohuo ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikogunduliwa mwaka 1983. Watafiti waliofuatilia kaya za huko kuanzia 1991 hadi 1994, kisha wakarudi 2004, walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 aliishia kuwa mfupi kwa takribani sentimita 2, na elimu yake ikapungua kwa karibu mwaka mzima, ukilinganisha na hali ambayo angekuwa nayo mama angeishi. Wengi wa watoto hao walipokewa na ndugu. Ukoo ulitimiza wajibu wake. Ila wajibu huo hauji na bajeti, na aliyepokea yatima wawili mara nyingi tayari alikuwa na wanne wa kwake na shamba lilelile.

Ndiyo maana naona swali la fedha zinapita mkononi mwa nani ni zito kuliko linavyochukuliwa. Afrika Kusini, baada ya pensheni ya uzeeni kwa Waafrika kuongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo alichambua vipimo vya wajukuu walioishi na wazee hao. Pensheni ilipopokelewa na bibi, afya na kimo cha wajukuu wa kike viliongezeka. Ilipopokelewa na babu, hakuona nafuu ya namna hiyo. (Akina babu wanisamehe, mimi nami naelekea huko.) Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ilielezwa kama fedha ya wazee, na ni sawa, ila penye mjukuu mzee hali peke yake. Tanzania Bara, mzee aliyelima maisha yake yote hana haki kama hiyo. Akiwa fukara sana anaweza kuingia katika ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambayo kwa kawaida hukabidhiwa mwanamke wa kaya na sehemu yake hufungwa na sharti la mtoto kupelekwa kliniki na kuhudhuria shule.

Kwa wengine wote kuna simu. Mama aliyeko Dar au Muscat anatuma fedha kwa simu mwisho wa mwezi, akikumbuka anaweka na ya kutolea. Ada ya shule ya serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare, madaftari na michango havijafutwa, navyo havisubiri mshahara. Mwezi ambao simu haikulia, bibi anauza kuku.

Pamoja na hayo yote, kwenye makaratasi bibi mara nyingi hayupo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo na kuasili, kwa utaratibu unaopita kwa afisa ustawi wa jamii. Sijui bibi gani angefunga safari kwenda halmashauri kuomba kibali cha kumlea mjukuu wake, angeona anatukanwa. Basi anamlea bila hati, na hakuna anayemsumbua hadi msichana afikishe miaka kumi na minne au kumi na mitano. Hapo ndipo, kule Usukuma, baba ambaye hakuwahi kununua hata daftari anaweza kutokea na ng'ombe wa kukomboa, maana anayetambuliwa kuwa baba ndiye atakayepokea mahari ya binti. Sheria ya Ndoa ilivyoandikwa mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa, na ikapanga watoa ridhaa kwa zamu: baba, akiwa amefariki, mama, wote wakiwa wamefariki, mlezi. Mahakama ya Rufani iliikataa ruhusa hiyo mwaka 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi. Katika orodha ile ya 1971, bibi alipaswa kusubiri vifo viwili kabla ya kuulizwa lolote.