Kompyuta Imekataa Kuwaka? Okoa Mafaili Kabla ya Kufomati

Kompyuta ikikataa kuwaka, jibu unalopewa upesi mitaani ni "tuifomati". Kwa fundi ni kazi nyepesi, lakini kufomati ni kufuta. Katika miaka yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Mombasa nimeletewa mashine zilizokuwa na hesabu za chama, orodha za wanafunzi wa madrasa na picha za wazazi waliotangulia mbele ya haki, vyote vimeshafutwa na mtu ambaye hakuuliza kwanza. Mara nyingi hasara ile haikuwa na haja.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilipata funzo hilo. Sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilikwamisha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Safari za ndege zilifutwa, na kazi za hospitali na benki nyingi zikavurugika. Hata hivyo mashine zenyewe zilikuwa nzima na mafaili yalikuwemo ndani. Dawa ilikuwa kuziwasha katika hali salama na kufuta faili moja tu.

Kwa hivyo, kabla ya kumlipa mtu, tazama mashine yako inakwama wapi.

Haina taa wala sauti. Shuku umeme. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine ya aina ileile. Kama bado, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja uwashe. Na stima ikipotea nyumbani, ichomoe kompyuta ukutani. Stima hurudi kwa nguvu na kuunguza vitu.

Feni inazunguka, skrini ni nyeusi. Zima taa za chumba umulike skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi, ila taa ya skrini imekufa. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Ikiwa inalia pi, pi, hesabu milio umwambie fundi, kwani kila kampuni ina maana zake. Mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita ramu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huchafua miguu yake. Umeme ukiwa umeshachomolewa, kuitoa, kuisugua taratibu kwa kifutio safi cha penseli na kuirudisha wakati mwingine hutosha.

Nembo inatokea, kisha inaandika kuwa haioni diski. Chomoa fleshi na kila kilichochomekwa. Huenda inajaribu kuwakia huko. Isipobadilika, diski imelegea au inakufa. Ukisikia diski inagonga tk, tk, zima na usiiwashe tena. Kila ukiiwasha unazidi kupunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

Windows inaanza, inazunguka, inarudi mwanzo. Hapa ndipo wengi hukimbilia kufomati. Izime kwa kitufe inapoanza kuwaka, mara 3 mfululizo, na Windows 10 au 11 itafungua menyu ya ukarabati. Anza na ukarabati wa kuwasha, kisha ondoa sasisho la mwisho, kisha jaribu hali salama. Ikikudai ufunguo wa tarakimu 48, utafute katika akaunti yako ya Microsoft. Diski imefungwa kwa siri, na bila ufunguo huo mafaili hayasomeki.

Hata hayo yote yakishindikana, ikiwa diski ingali nzima mafaili hutoka. Fundi anaweza kuiwasha mashine kwa fleshi yenye Linux, ambayo ni ya bure, akanakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Kwa hivyo ukifika kwa fundi, sema kabla hajagusa kitu: "Nitolee mafaili kwanza, nionyeshe, ndipo ufomati." Akikujibu haiwezekani, muulize amejaribu nini, na usione haya kuichukua mashine yako kwa fundi mwengine. Ikishapona, nunua diski ya nje, nakili yaliyo muhimu kila wiki, na usiiache imechomekwa kwenye kompyuta.