Bunduki Nyumbani: Inalinda au Inaita Kifo?



Mwezi huu tumechagua habari inayozungumzwa sana bombani, kwenye foleni ya chakula na jioni baada ya redio: habari ya bunduki. Wengine wanasema, kila baba wa nyumba akipewa yake, wezi watakoma. Wengine wanajibu, hapana, bunduki ndiyo ilitutoa kwetu, isitufuate mpaka hapa. Wote wameona mengi, kwa hiyo tusikilize pande zote mbili.

Tuanze hapa hapa West Nile, maana wenyeji wetu wa Arua na Koboko wanaijua habari hii vizuri. Idi Amin alipoangushwa mwezi wa nne 1979, askari wake wengi walikuwa watu wa huku. Walirudi na bunduki zao, kisha wakavuka kwenda Zaire na Sudan. Mwezi wa kumi 1980 wakaja kupigana tena, na jeshi la serikali la wakati ule likalipiza kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari. Familia nyingi zikakimbilia Zaire na Sudan. Ndiyo, hawa waliotupokea sisi, wao pia walikuwa wakimbizi.

Na kambi nayo si salama bunduki zikizunguka. Mwaka 1996 waasi wa WNBF walishambulia makazi ya Ikafe, ambako wakimbizi wa Sudan walikuwa wameanza kulima. Watu wakaacha mashamba na nyumba, wakakimbia mara ya pili.

Amani ilirudi polepole. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 iliwaambia waasi: acha silaha, rudi nyumbani, hutashtakiwa kwa uasi. Tarehe 24 Desemba 2002, kundi la UNRF II lilitia sahihi mapatano na serikali kule Yumbe. Watu walikaa chini wakaongea, silaha zikawekwa.

Sasa tusikilize wanaotaka bunduki. Wanasema, mtu mbaya hafuati sheria. Ukimnyang'anya mtu mwema silaha, unamwacha mikono mitupu. Neno hili lina uzito. Kule Karamoja, serikali ilipoanza kukusanya silaha mwisho wa mwaka 2001, bunduki nyingi zilirudishwa kwa hiari. Lakini waliorudisha zao walivamiwa na majirani waliobaki na zao, na ng'ombe wakaibwa. Basi wengi wakatafuta bunduki tena. Tena wanauliza: je, wanaoshika bunduki za serikali nani anawachunga? Watu wa Ombaci hawakuuawa na wezi.

Upande wa pili nao wana ushahidi wao. Tarehe 8 Juni 2018, Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, alipigwa risasi akiwa kwenye gari karibu na kwake, Kawanda, nje ya Kampala. Alikuwa na mlinzi, ndugu yake. Wote wawili walikufa. Kama mbunge mwenye mlinzi hakuokoka, bunduki chini ya kitanda itamwokoa nani? Mwizi anakuja usiku ukiwa umelala, na yeye ndiye anajua saa ya kuja. Pengine anakuja kwa sababu amesikia bunduki iko, maana ni mali ya kuuza. Tena watoto wanaijua kila sehemu tunapoficha vitu.

Baada ya kifo hicho, Rais Museveni aliambia Bunge kwamba bunduki zote zichukuliwe alama, kama vile mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Maana yake ni hii: kila bunduki inaacha alama yake kwenye risasi na kwenye ganda. Alama hizo zikiwekwa ofisini, ganda likiokotwa mahali mtu alipouawa, linaweza kuonyesha lilitoka bunduki gani, na aliyepewa bunduki hiyo ajibu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa sahihi na Uganda, Kongo, Kenya, Tanzania na nchi nyingine, nayo inataka silaha zitiwe alama na kuandikwa.

Sisi tunaona hivi: sheria nzuri ni ile inayoshika wote, raia na askari, huku na ng'ambo ya mpaka. Kukusanya upande mmoja tu ni kumweka mtu mtegoni. Na anayetoa bunduki apate kitu cha kuishi nacho. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Wakristo lilibadilisha silaha kwa baiskeli, cherehani na mabati. Mtu alitoa bunduki akarudi na kazi.

Kwetu sisi wakimbizi sheria iko wazi. Uganda hairuhusu mtu kukaa na bunduki bila cheti, na mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 unasema kumpa mkimbizi hifadhi ni jambo la amani. Ukificha bunduki ya shemeji aliyevuka usiku, unaweka hatarini nyumba yako na jina la wakimbizi wote.

Basi tufanye yaliyo mkononi mwetu:

Mtoto akiona bunduki, risasi au chuma asichokijua shambani, asiguse. Aite mkubwa, na mkubwa aende kwa mwenyekiti wa RWC au polisi.

Ugomvi wa shamba, maji au mbuzi upelekwe kwa wazee siku ile ile, kabla haujalala ndani ya moyo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sawa, wembe unakata kidole na kidole kinapona. Bunduki haina somo la pili. Hata ile ya mti ya kuchezea, tuwaulize watoto wetu: unampiga nani? Jibu lao litatuonyesha walichobeba kutoka nyumbani, na hapo ndipo maongezi ya baba, mama na mtoto yaanzie.

Tunawatakia mwezi wa amani.